Mguu wa Mtu Si Kontenti: Lodwar Inataka Kituo cha Ngozi, na Inataka Karani Kwanza

Najua fiidi yenu kwa sababu ni yangu pia. Seramu ya vitamini C asubuhi, sanskrini ya SPF 50, krimu ya usiku, na yule dada wa Nairobi anayetuonyesha uso wake kabla na baada ya siku saba. Kuna wasee hapa Lodwar wanaweza kukutajia kila kitu kilichomo kwenye chupa ya Korea bila kusoma lebo. Sicheki mtu. Mimi mwenyewe niko na chupa zangu dirishani, na jua la hapa linazimaliza kabla yangu.

Sasa niulize. Wangapi kati yenu mnajua kuna ugonjwa wa ngozi unaoanza kama kivimbe kidogo chini ya unyayo, hauumi, hauwashi, halafu baada ya miaka unafika kwenye mfupa na mtu anakatwa mguu? Unaitwa maisetoma. Hauko mbali. Uko Turkana, na unapenda watu wanaotembea kwa akala au pekupeku nyuma ya mbuzi. Wataalamu wanaamini vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na vinaingia kupitia kidonda kidogo tu, kama cha mwiba. Kaunti yetu ni miiba. Migunga ilikuwepo, kisha tukaletewa mathenge juu yake.

Niseme ukweli kabla ya kusema mtu mwingine. Mwaka jana nilirekodi klipu ya mguu wa mzee mmoja barabara ya kwenda Kakuma. Mguu umevimba, una matundu yanayotoa majimaji na chembechembe nyeusi kama mbegu. Niliweka muziki wa huzuni. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Watu waliweka emoji za kulia, wakaandika "Mungu amsaidie", wakaenda kwa klipu inayofuata.

Niliporudi kumwona, nilikuwa nimebeba sukari na majani na nilidhani nimefanya kitu. Nikamsalimia, "Ejoka, mzee." Akaitikia, akaniketisha kwenye kivuli, akaniuliza kitu kimoja tu:

"Kijana, wewe unajua watu wa mbali. Ile nyama walinikata hapa mguuni, majibu yake yako wapi?"

Miaka miwili hivi kabla yangu, kwenye kituo fulani cha afya ambacho sitakitaja, walimkata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe. Akapewa karatasi iliyoraruliwa kwenye kitabu cha mazoezi, yenye jina lake na tarehe. Ameitunza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho. Nikaichukua ile karatasi nikaanza kuzunguka nayo. Niliambiwa aliyekuwa anashika hayo mambo alihamishwa. Rejista ya wakati huo ilijaa ikaletwa nyingine, na ile ya zamani haijulikani iliwekwa wapi. Sampuli ilipewa gari lililokuwa linaenda Nairobi. Gari la nani? Kwa maabara gani? Hakuna anayejua.

Na hapa ndipo naomba mnisikize vizuri. Hakuna mtu mbaya kwenye hii hadithi. Nesi aliyenisaidia kutafuta alitumia saa yake ya chakula kupekua makabati. Aliyemkata yule mzee alifanya kazi nzuri, kidonda kilipona. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye meza, kitabu, namba ya simu na mshahara, ambaye kazi yake ni kujua nyama ya nani iko wapi. Kilichokosekana ni karani.

Kwa nini yale majibu ni muhimu hivyo? Kwa sababu maisetoma ni magonjwa mawili yamevaa sura moja. Kuna inayoletwa na fangasi na kuna inayoletwa na bakteria. Ya bakteria inatibiwa kwa antibiotiki, na wengi hupata nafuu. Ya fangasi haisikii antibiotiki hata ukinywa ndoo. Inataka dawa za fangasi kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, na mara nyingi upasuaji juu yake. Kwa macho unaweza kukisia, lakini wa kukuhakikishia ni maabara. Kwa hivyo ile karatasi ya mzee haikuwa mambo ya ofisi tu. Ilikuwa inasema anywe nini, na pengine kama atabaki na mguu. Kwa hiyo miaka miwili alikuwa ananunua vidonge vya antibiotiki dukani kila akipata doo. Labda vilikuwa vinafaa. Labda alikuwa anauza mbuzi bure. Hakuna mtu Turkana nzima angeweza kumwambia.

Kwa hivyo hii ndiyo hoja yangu. Lodwar inataka kituo cha utafiti wa ngozi chini ya chuo kikuu. Tuna Turkana University College hapa hapa, chuo kishiriki cha Masinde Muliro tangu 2017. Tuna chuo cha KMTC. Tuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Lakini kitu tunachotaka kupigania kwanza sio jengo wala darubini ya mamilioni. Tupiganie usimamizi wake. Rejista, jokofu, bajeti ya umeme, na mtu wa kujibu simu. Najua hiyo sio hashtegi tamu.

Kuna mtu atasema, "Utafiti wa ngozi ni mambo ya Ulaya, bro." Wacha nikupe miaka mitatu.

1991, Chuo Kikuu cha Khartoum kilianzisha kituo cha utafiti wa maisetoma, kikiongozwa na daktari Msudani, Ahmed Hassan Fahal. 1992, Moshi pale Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kilifunguliwa kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi. Mwaka huo huo wa 1992, hapa kwetu ilifunguliwa kambi ya Kakuma. Jirani wa kaskazini alipata maabara, jirani wa kusini akapata shule, sisi tukapata mahema. Silaumu watu wa mahema. Walikuwa wanakimbia kifo, wengi wao watoto kutoka Sudan. Nasema tu kwamba zaidi ya miaka thelathini baadaye wenzetu wana kitu cha kuonyesha, na sisi bado tunapeana sampuli kwa gari linalopita.

Angalia walichofanya. Moshi wanachukua watu wa kawaida wa afya, sio madaktari bingwa pekee, kutoka nchi nyingi za Afrika, wanawafundisha magonjwa ya ngozi, kisha wanarudi wilayani kwao. Pale pale wanatengeneza sanskrini inayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao jua linawaua kwa saratani ya ngozi. Rudia hiyo sentensi wewe unayenunua sanskrini ya elfu mbili mtandaoni. Inatengenezwa Kilimanjaro, kwa watu ambao kwao SPF sio mambo ya glow.

Khartoum walienda mbali zaidi. Wagonjwa walitibiwa huko, na kituo kilifungua tawi hadi kijijini Wad Onsa, jimbo la Sennar, badala ya kungoja wakulima wauze ng'ombe waje mjini. Walipiga kelele hadi mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaiweka maisetoma kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Halafu wakafanya jaribio la kwanza duniani la kulinganisha dawa mbili za maisetoma ya fangasi kwa utaratibu kamili wa kisayansi, ambapo hata daktari hajui mgonjwa anameza ipi. Matokeo yalitoka 2024 kwenye jarida la Lancet Infectious Diseases. Dawa mpya, fosravuconazole, ilifanya kazi karibu sawa na ile ya zamani, itraconazole, ila mgonjwa anaimeza mara moja kwa wiki badala ya kila siku asubuhi na jioni. Fikiria mchungaji anayehama na mifugo kutoka laga moja hadi nyingine. Vidonge vya kila siku kwa mwaka mzima ni ndoto. Mara moja kwa wiki, inawezekana. Hiyo ilitoka Sudan, kwa Waafrika waliokuwa na rejista inayoeleweka na wagonjwa walioweza kufuatiliwa.

Halafu Aprili 2023 vita vikaanza Khartoum. Kufikia 2025 dunia ikasikia kwamba kituo kimeharibiwa. Majokofu, vifaa, benki ya sampuli, kumbukumbu za wagonjwa za miongo kadhaa. Zimeenda.

Hiyo habari ilinikalisha chini. Nusu yangu ilisikitika. Nusu nyingine ilijifunza. Kama kituo bora kabisa duniani kwa huu ugonjwa kinaweza kufutwa kwa sababu vitu vingi vilikuwa mji mmoja, basi mtu yeyote atakayejenga kingine ana deni la kuuliza swali la karani: nakala iko wapi? Sampuli nusu ziko mji gani mwingine? Nani ana nywila kama aliyekuwa nayo amekimbia au amekufa? Haya maswali yanaboesha kwenye mkutano. Lakini bunduki haiogopi profesa. Profesa atakimbia na kichwa chake na aanze tena. Jokofu haliwezi kukimbia.

Na usisahau watu waliokuwa wanatibiwa kule, wengine wao sasa ni wakimbizi. Sudan, Sudan Kusini, Turkana: huu ni ukanda mmoja wa joto, miiba na mifugo, na maisetoma haiulizi kitambulisho mpakani. Kakuma iko katikati ya njia yake.

Sasa tuje kwetu. Unajua ripoti ya kwanza ya kisayansi kuhusu maisetoma Turkana ilichapishwa lini? 2023. Ilifanywa na watafiti wa Hispania pamoja na watu wa hospitali ya Lodwar. Nawapa heshima zao zote. Lakini neno "ya kwanza" linapaswa kutuuma. Wazee wetu wamekuwa na hii miguu tangu zamani, wana majina ya kuiita, na ilichukua hadi 2023 mtu kuandika karatasi ya kwanza. Wagonjwa walikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kudumu pa kuwaandika.

Sisi ni watu wanaopendwa sana na sayansi, si mnajua. 1984 pale Nariokotome, Kamoya Kimeu alipata mifupa ya yule mvulana wa miaka milioni 1.5 na dunia nzima ikajua jina la Turkana. 2025 jarida la Science likachapisha utafiti kuhusu jeni za Waturkana, jinsi miili yetu imezoea ukame na chakula cha mifugo. Najivunia zote mbili, na hao wa jeni walifanya kazi na wanajamii kwa miaka. Lakini hesabu ni kwamba mifupa yetu inajulikana, damu yetu inajulikana, na mzee wangu bado ana karatasi ya kitabu cha mazoezi ndani ya plastiki.

Najua maswali yanayokuja kwa komenti, wacha niyajibu hapa hapa.

"Watu wana njaa, wewe unaongea ngozi?" Naam, wana njaa. 2025 misaada ilipokatwa, mgao wa Kakuma ulipunguzwa na kila mtu aliona. Lakini mtu aliyekatwa mguu anachunga nini? Anabeba maji gani? Maisetoma inashika sana watu walio kwenye umri wa kufanya kazi. Ukimpoteza huyo, umeongeza njaa kwenye boma moja. Na sio maisetoma pekee. Kuna upele unaosambaa pale watu wanalala kumi kwenye chumba kimoja. Kuna kala-azar, ambayo wengine wakipona inawarudia kama madoa ya ngozi, na kupitia hayo madoa inaweza kuendelea kusambazwa na usubi. Ngozi ndiyo mahali magonjwa mengi hujitangaza kwanza. Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi ni suala la kipaumbele la afya ya umma. Kenya ni mwanachama. Tuwaulize wamefanya nini nalo.

"Nairobi kuna KEMRI." Iko, na ni nzuri. Iko pia zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Sampuli inayosafiri umbali huo bila baridi, bila namba na bila mtu wa kuipokea ni nyama tu. Hata ukitaka kutumia Nairobi, unahitaji ofisi Lodwar inayotuma na kudai majibu.

"Pesa itatoka wapi?" Turkana inapata zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka kutoka serikali kuu, na ni kati ya kaunti zenye mgao mkubwa zaidi nchini. Sheria ya sayansi ya mwaka 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujawahi kufika hapo hata kidogo. Kwa hivyo usiniambie pesa haiko. Niambie imeamuliwa iende wapi. Na kitu ninachoomba mwanzo ni cha bei rahisi kuliko magari mawili ya msafara.

Naomba hivi. Rejista moja ya magonjwa ya ngozi kwa Lodwar na Kakuma, wakimbizi na wenyeji pamoja, na kila mgonjwa apewe kadi yenye namba inayomfuata hata akihama. Leo mtu akitibiwa Kakuma kisha aje Lodwar, anaanza hadithi upya. Rejista hiyo iwe na nakala tatu, miji mitatu, na ifuate sheria ya kulinda data ya 2019, kwa sababu jina la mgonjwa sio la kila mtu. Sampuli isitoke nje ya kaunti bila barua inayosema inaenda wapi, inarudi lini na nani atampigia mgonjwa. Mtafiti wa nje karibu sana, chai iko, lakini asaini hapo kabla ya kuondoka. Umeme wa sola kwa jokofu, na bajeti ya kulirekebisha, iandikwe kila mwaka, kwa sababu sisi ni hodari wa kukata utepe na wazembe wa kununua betri. Na kwenye bodi wakae wagonjwa wawili, mmoja wa kambini, mmoja wa mwenyeji. Sio wa kupigwa picha. Wa kuuliza, "Majibu yako wapi?"

Na hizo kazi wapewe vijana wa hapa. Tumejaa watu wenye diploma za rekodi za afya na kompyuta wanaouza airtime na kuendesha boda. Kituo cha ngozi kikija na karani kutoka mbali ambaye haongei Kiturkana wala Kiarabu wala Kisomali, mzee wangu ataambiwa majibu kwa lugha asiyoijua, na tutakuwa tumerudi pale pale.

Mwisho ni sisi wenye simu. Niliifuta ile klipu. Ilikuwa kubwa kuliko zote, na niliifuta, kwa sababu niligundua nilikuwa nimefanya kile kile ninacholalamikia: nilichukua kipande cha mtu, nikakipeleka mbali, na sikurudi na majibu. Tofauti yangu na lile gari la Nairobi ni muziki tu. Kama unataka kurekodi mgonjwa, muulize kwanza, mwonyeshe, na uwe na kitu cha kumrudishia.

Mzee sasa yuko kwenye foleni ya kupimwa upya. Wamemkata kipande kingine. Safari hii nilisimama pale, nikaandika namba ya sampuli, jina la maabara, jina la dereva na tarehe ya kuuliza. Kwa wiki hizi mimi ndiye karani wake, na siwezi kuwa karani wa kaunti nzima.

Kwa hivyo usinishee kwa emoji. Mikutano ya umma ya bajeti ya kaunti huwa inafanyika kila mwaka na viti vya mbele huwa vitupu. Njoo. Simama useme "rejista ya ngozi, Lodwar na Kakuma, mwaka huu wa fedha". Watacheka. Sema tena.